HESHIMA YA DAWA NI KIPIMO CHAKE

Hapana mtaa wa Pwani yetu leo usiokuwa na dawa ya Kichina. Ukizunguka Mji wa Kale wa Mombasa utaikuta, ukivuka Likoni utaikuta, na ukipanda hadi Malindi na Lamu itakuwa imekutangulia. Zamani ilikuwa ni yale mafuta ya kuchua ya kichupa kidogo, ambayo hayakukosekana katika sanduku la bibi. Siku hizi ni makopo ya vidonge, ni paketi za chai, na hata kahawa iliyotiwa unga wa uyoga. Muuzaji hachoki kuyahesabu maradhi yatakayoondoka: kisukari, presha, figo, macho, saratani, na hata udhaifu wa bwana chumbani. Na ukimwuliza ni kitu gani ndani yake kinachotibu, siku hizi amepata jina la kukujibu. Atakwambia: "Ni polisakaraidi, mzee."

Jina hilo si la uwongo. Wataalamu wa China, Japani na kwingineko wamezichunguza polisakaraidi za mitishamba kwa zaidi ya nusu karne, na wameona mambo ya kustaajabisha. Lakini jina la kweli laweza kutiwa katika biashara ya uwongo, kama vile mizani ya kweli yaweza kuwekewa jiwe la uwongo. Rai yangu katika makala haya ni moja tu. Anayeiheshimu dawa ya Kichina si yule anayeisifu, wala anayeitukana si yule anayeiuliza maswali. Heshima ya dawa yoyote ni kupimwa, na asiyetaka dawa yake ipimwe ndiye anayeivunjia heshima.

SUKARI ILIYOTUNGWA KAMA TASBIHI

Tuanze na neno lenyewe, ili tusiwe tunagombania kitu tusichokijua. Polisakaraidi ni sukari nyingi zilizoungwa pamoja. Ishike tasbihi yako uitazame. Punje moja ni sukari ndogo, mathalani glukosi, ile ambayo mwenye kisukari hupimwa kidoleni. Zitunge punje hizo mia, elfu au zaidi, na pengine uzi wake uwe na matawi, hiyo ndiyo polisakaraidi.

Wala usidhani kwamba kila uzi wa sukari ni mtamu au ni chakula. Wanga wa muhogo ni punje za glukosi tupu. Pamba ya kanzu yako nayo ni punje za glukosi tupu. Tafauti yao ni namna punje zilivyofungwa. Fundo la wanga tumbo letu lina ufunguo wake, fundo la pamba halina, ndipo ukawa huvai muhogo wala huli kanzu. Basi mtu akikwambia "hii ina polisakaraidi," hajakwambia neno bado. Muhogo pia unazo. La kuuliza ni: polisakaraidi ipi, imefungwa vipi, na ni kiasi gani?

Katika dawa za China ziko nyuzi za namna nyingi. Uko mzizi uitwao huangqi, wa mmea wa jamii ya kunde. Kuna lingzhi, uyoga mgumu unaong'aa kama uliopakwa vanishi, na kwa wataalamu uyoga si mmea, ingawa waganga wa China wanauweka katika kabati moja na mizizi na majani. Kuna fuling, uyoga unaomea chini kwenye mizizi ya misonobari. Na kuna gouqi, tunda dogo jekundu la jamii moja na mnavu na nyanya.

Gouqi iliyo mashuhuri kabisa hutoka Ningxia, kaskazini-magharibi ya China, jimbo la ndugu zetu Waislamu wa kabila la Hui, lililopewa utawala wake mwaka 1958. Wahui humkaribisha mgeni kwa kikombe chenye kifuniko, na ndani yake mna majani ya chai, gouqi, sukari ya mawe, na tunda ambalo mtu wa Pwani akiliona atalijua, kwani ni kunazi, ila kunazi za kwao ni kubwa kuliko zetu. Kwa hivyo tunapoisema dawa hii, hatusemi uchawi wa watu wa mbali. Twasema chai ya watu wanaosali kama sisi.

CHUNGU KILITANGULIA MAABARA

Mgonjwa wa Kichina tangu kale hupewa kifurushi cha mizizi na majani, akakichemsha kwa maji, akanywa maji yake. Na maji ya moto ndiyo yanayozitoa nyuzi hizi za sukari kutoka kwenye mti. Spiriti haizitaki. Ukiimimina spiriti nyingi katika maji hayo, nyuzi zitaganda na kuzama chini. Hiyo ndiyo njia wanayoitumia wakemia hadi leo: huchemsha, huchuja, hutia spiriti, kisha hukusanya kilichozama.

Kwa miaka mingi wakemia walikuwa wakitafuta viini vidogo vikali, kama vile kwinini iliyotolewa katika gamba la mti, na ule utelezi uliobaki waliutupa kama takataka. Baadaye ndipo walipojiuliza: mbona maji ya chungu yenye utelezi huo ndiyo watu waliyoyanywa karne na karne? Wakarudi kuyatazama makapi.

Walichokiona ni hiki. Nyuzi nyingi kati ya hizi tumbo haliwezi kuzifungua, kwa hivyo haziingii katika damu kama chakula. Lakini zina njia mbili za kufanya kazi. Njia ya kwanza ni kwa seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Uyoga na ukungu huwa na uzi uitwao beta-glukani, nasi wanadamu hatuna. Askari wetu wamepewa mlango maalumu wa kuutambua uzi huo, kwani ukiingia mwilini huenda ni dalili ya adui. Mwaka 2001 wataalamu wa Oxford walionyesha kuwa mlango mmoja wa namna hiyo ni kitu kinachoitwa Dectin-1. Beta-glukani ikigusa mlango huo, askari huamka. Njia ya pili ni ya matumboni, kwa bakteria wema wanaoishi humo. Wao wana funguo tusizokuwa nazo, huzichachua nyuzi hizo, na katika kuchachua hutoa asidi ndogo zinazolisha ukuta wa utumbo.

Hayo ni mambo ya kweli, nayo yanapendeza. Lakini kuamsha askari si kushinda vita. Hapo ndipo muuzaji anaporuka hatua, na hapo ndipo sisi tusipaswe kuruka naye.

KUMETHIBITI NINI?

Mwaka 1969 wataalamu wa Japani, wakiongozwa na Goro Chihara, walitangaza kuwa wametoa katika uyoga wa shiitake polisakaraidi waliyoiita lentinani, na kwamba ilipunguza uvimbe wa saratani kwa panya. Mwaka 1985 serikali ya Japani iliidhinisha lentinani itumiwe kwa saratani ya tumbo. Lakini ilitolewaje? Ilitolewa kwa sindano, hospitalini, pamoja na dawa za kemikali za saratani. Haikuwa supu, haikuwa kahawa, wala haikuwa badala ya daktari. Huko China nako kuna dawa ya sindano iliyotengenezwa kwa polisakaraidi za huangqi, nayo pia ni ya kumsaidia mgonjwa anayetibiwa saratani, si ya kumtoa katika matibabu.

Na ule uyoga wa lingzhi, ambao ndio unaotiwa katika kahawa? Jopo la Cochrane, linalokusanya na kuchuja majaribio ya dawa duniani, liliutolea ripoti mwaka 2016. Lilipata majaribio 5 yaliyofaa kuhesabiwa, yenye wagonjwa 373 kwa jumla. Likasema kuwa hapana ushahidi wa kutosha wa kuufanya uyoga huo kuwa tiba ya kwanza ya saratani. Waliotumia pamoja na matibabu ya kawaida walionyesha dalili nzuri kiasi, nayo ni sababu ya kuuchunguza zaidi. Lakini kwamba unaponya, hilo halikuthibiti.

Tuje kwa kisukari, ambacho kimeingia karibu kila nyumba ya Pwani. Jaribio moja la China lililochapishwa mwaka 2015 liliwapa wagonjwa wa kisukari polisakaraidi za gouqi kwa muda wa miezi mitatu, na sukari yao ikashuka kiasi kuliko ya wale ambao hawakupewa. Wagonjwa wote walikuwa 67. Ni habari njema, lakini ni habari ya watu 67 kwa miezi mitatu. Msikiti mmoja mdogo siku ya Ijumaa hujaza watu zaidi ya hao.

Mengi mengine tunayoyasikia ni ya panya, au ya seli zilizowekwa katika kisahani cha maabara. Nasi si wageni wa jambo hili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Al-Qanun aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa, na moja ni kwamba ijaribiwe kwa mwili wa mwanadamu, kwani iliyojaribiwa kwa simba au farasi huenda isithibitishe kitu kwa binadamu. Huyo ni tabibu wetu, karibu miaka elfu kabla ya makopo haya. Mtu akikupa habari ya panya ukaichukua kuwa habari yako, usiseme umefuata utabibu wa wazee. Wazee walikukataza.

MIZANI NA JIWE LA UWONGO

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji hayasemi, na pengine hayajui.

La kwanza ni hili. Maganda ya bakteria wengi yana sumu ambayo nusu yake ni mafuta na nusu ni polisakaraidi, nayo huamsha seli nyeupe kwa ukali mno. Mizizi hutoka ardhini, na ardhini mna bakteria. Unga wa mzizi usiposafishwa barabara, maabara huenda ikaona askari wameamka ikadhani ni sifa ya mti, kumbe ni uchafu. Ndiyo maana wachunguzi waaminifu huupima uchafu huo kwanza kabla ya kutangaza lolote.

La pili ni la kopo lenyewe. Utaona limeandikwa "polisakaraidi" na hesabu ya asilimia. Lakini kile kipimo chepesi kinachotumiwa na wengi huhesabu sukari zote pamoja. Hakitambui uzi wa uyoga na uzi wa wanga. Mtu akichanganya unga wa mchele katika unga wa uyoga, hesabu haipungui, na huenda ikapanda. Mnunuzi atalipa bei ya lingzhi na kunywa uji. Katika Qurani iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, Surat Al-Mutaffifin. Sisi huisoma tukamfikiria muuza nyama na muuza mchele. Nadhani wakati umefika tumfikirie na muuza dawa.

Laiti hasara ingekuwa ya fedha tu, nisingeandika makala haya. Mtaani kwetu palikuwa na mama mmoja wa makamo, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa akijidunga insulini kwa miaka mingi. Kijana muuzaji akamwendea na kopo lake, akamwambia kwa adabu zote: "Mama, haya ni majani tu, hayana kemikali kama ya sindano. Yatumie miezi mitatu, sindano utaisahau." Mama akaisahau kweli. Hazikutimia wiki mbili akachukuliwa hospitali hajitambui, na aliporudi tulimpokea kwa jeneza. Kijana alihudhuria maziko. Simwambii ni mwovu, huenda aliyaamini aliyoyasema. Lakini imani ya muuzaji haishushi sukari ya mgonjwa.

Na hatari haiko katika kuacha dawa tu. Mwaka 2008, kati ya Januari na Mei, hospitali za Singapore zilipokea watu 150 wasiokuwa na kisukari ambao sukari yao ya damu ilikuwa imeshuka vibaya. Wanne walikufa. Ilipochunguzwa ikaonekana kuwa dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kwa magendo, nyingine zikijiita za mitishamba, zilikuwa zimetiwa dawa ya hospitali ya kushusha sukari. Hata gouqi ile safi ina tahadhari yake. Tangu mwaka 2001 majarida ya madaktari yamekuwa yakiripoti wagonjwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambao waliongeza chai au maji ya gouqi na damu yao ikawa nyepesi kupita kiasi. Tunda halikuwa baya, wala dawa haikuwa mbaya. Walikutana tu pasi na mtu kuuliza.

"WACHINA HAWAKUFA"

Najua jibu nitakalopewa barazani. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alinipa jibu hilo hilo juzi: "Bwana we, Wachina wametumia miti hii miaka elfu mbili, mbona hawakufa? Wamejaa dunia nzima!" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Lakini tulifikirie neno la mzee, kwani lina haki yake. Matumizi ya miaka mingi ni ushahidi wa aina yake. Mti unaoua kwa siku moja hujulikana upesi, na watu huuacha. Lakini mti unaoharibu figo polepole kwa miaka haujulikani kwa njia hiyo, kwa sababu mgonjwa akifa hakuna anayekumbuka alichokunywa miaka mitano nyuma. Katika miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene vilivyotiwa mitishamba ya Kichina. Mzizi mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, wa jamii iitwayo Aristolochia. Mimea ya jamii hiyo ilikuwa ikitumiwa na waganga tangu kale, wala madhara yake hayakuwa yametambuliwa sawasawa hadi figo za wanawake wale zilipopimwa.

Na Wachina wenyewe hawakusema "ni ya kale, basi yatosha." Li Shizhen alizunguka miaka na miaka akiuliza wakulima, wavuvi na wawindaji, akasahihisha makosa ya waliomtangulia, na kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1596 kikaorodhesha dawa 1,892. Tena wako karibu zaidi nasi. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa ya malaria. Bibi Tu Youyou na wenzake walifungua vitabu vya kale, na katika kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4 wakakuta mmea wa qinghao uliloweshwa maji na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akatambua kuwa huenda moto ndio unaoua dawa. Mwaka 1971 akautoa utomvu wake kwa etha isiyohitaji moto mkali, akaujaribu kwa panya na nyani, kisha yeye na wenzake wakaunywa wao wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Kiini alichokitoa, artemisinini, si polisakaraidi, nacho ni kitu kimoja kilicho rahisi kupimwa kuliko nyuzi hizi zenye ukoo mrefu. Lakini ndicho kilichomo katika dawa mseto ya malaria wanayopewa watoto wetu Kilifi na Kwale. Mti wa Kichina umewaokoa watoto wa Pwani, wala haukuwaokoa kwa ukale wake. Uliwaokoa kwa sababu mtu aliupima, akasema kiasi chake, akataja madhara yake, na wengine wakarudia kumpima yeye.

ULIZA SANADI

Sisi tuliolelewa chuoni tunayo elimu ya kutufaa katika jambo hili, ila tumeisahau kuitumia sokoni. Maalim alitufundisha kuwa habari haipokewi kwa utamu wake. Huulizwa: nani kaisimulia, kaipokea kwa nani, na je, mnyororo haukukatika? Usemi mashuhuri kuliko yote juu ya China, ule wa kutafuta elimu hata kama iko huko, hatuachi kuusikia katika mawaidha. Na bado wanavyuoni wa hadithi waliupima wakasema sanadi yake ni dhaifu, na wengine wakaukataa kabisa. Maana yake ni nzuri, lakini hawakukubali kumnasibishia Mtume (S.A.W.) neno kwa sababu ya uzuri wake tu. Watu waliokuwa wakali hivyo kwa neno, sisi tutakuwaje walegevu kwa kitu kinachoingia tumboni?

Basi muuzaji akija, mkaribishe, mpe kahawa, kisha umwulize maswali matatu. Kwanza: ndani ya kopo mna nini hasa, kiasi gani, na je, Bodi ya Famasia na Sumu inaijua dawa hii? Pili: ilijaribiwa kwa nani, kwa seli, kwa panya au kwa watu, na kama ni watu, walikuwa wangapi na walilinganishwa na nani? Tatu: nami ninayetumia dawa fulani ya hospitali, zikikutana zitafanyaje? Akijibu, msikilize. Akikasirika, au akikujibu kwa kisa cha shangazi yake aliyepona, umeshapata jibu. Na juu ya maswali yote hayo iweko kanuni moja: hapana kuacha dawa ya hospitali kwa neno la mtu asiyekuwa daktari wako. Kama mti ni mwema, wema wake hautapotea kwa kungoja ukamwulize.

SHAYIRI YA NYUMBANI

Nimalizie kwa kitu ambacho hakiuzwi kwa bei ya kutisha. Katika hadithi za Bibi Aisha (R.A.) tunapata habari ya talbina, uji mwepesi wa shayiri, aliokuwa akiuagiza kwa mgonjwa na kwa mfiwa. Shayiri ina beta-glukani yake, nayo ni binamu wa ile ya uyoga. Punje ni zile zile za glukosi, ila mafundo yametafautiana, kwa hivyo na kazi yake ni nyingine. Haisifiwi kwa kuamsha askari. Hufanya utelezi tumboni, ukapunguza kolesteroli inayorudi katika damu. Serikali ya Marekani ilikubali mwaka 1997 kwamba wauzaji wa oti waruhusiwe kusema hivyo, na baadaye ikakubali kwa shayiri, tena ikataja kiasi: gramu 3 za beta-glukani kwa siku, pamoja na chakula kisicho na mafuta mengi mabaya.

Tazama namna neno lililopimwa linavyokuwa dogo. Halisemi kwamba shayiri inaponya moyo. Lasema inasaidia kupunguza kitu kimoja, kwa kiasi hiki, kwa sharti hili. Dawa ya kweli husema kwa unyenyekevu kama huo, na natumai siku moja huangqi, lingzhi na gouqi zitasemwa hivyo hivyo. Natumai pia kuwa mshubiri na mwarobaini wetu hazitaachwa nyuma. KEMRI ina kituo chake cha kuchunguza dawa za asili, na bado wako wazee wetu wanaoijua miti. Wasiulizwe maziko yakishapita.

Mimi ni mtunzi, na mtunzi haachi kufunga mzigo wake kwa beti:

Dawa haina makosa, kosa la asiyepima,
Mti hauna mkasa, ukijulikana wema,
Ila mtafuta pesa, hunena bila kukoma,
Na heshima yake dawa, ni kujua kipimoche.